Maktaba ya vijenzi: tuchukue ya wengine au tujenge yetu?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Tuko vijana watatu, tuna ofisi ndogo hapa Mwanga, Kigoma. Tuna mifumo mitatu mikononi: wa mizigo na abiria wa boti zinazokwenda Bujumbura, Kalemie na Mpulungu, wa wafanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, na wa ada za shule moja ya sekondari. Miwili ya kwanza tumeiandika kwa React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa; wa shule ni wa Laravel, ya lugha ya PHP, na Bootstrap, mkusanyiko wa mapambo na vijenzi vya kurasa. Kila mfumo una vitufe vyake, fomu zake na rangi zake. Tukirekebisha kitu huku, kule kinabaki kama kilivyokuwa. Mwenzangu mmoja anataka tuchukue Material UI, maktaba ya vijenzi iliyokwisha kutengenezwa, tuitumie kila mahali. Mwingine anasema tujenge maktaba yetu ya vijenzi, yaani vipande vya skrini kama vitufe, fomu na menyu, kuanzia sifuri. Nani yuko sahihi, na tuanzie wapi?"

Marahaba. Wenzako wote wawili wana hoja, ndiyo maana ubishi wenu hauishi. Anayetaka Material UI anajua kuna vitu ambavyo ofisi ya watu watatu haiwezi kuvitengeneza vizuri ikabaki na muda wa kazi za wateja. Anayetaka kuanza sifuri anajua kwamba maktaba iliyoandikwa na watu wa mbali haiwajui wateja wenu. Mimi ningefanya hivi: vitu vigumu vichukueni kwa waliokwisha kuvihangaikia, ila kurasa zenu zisiviite moja kwa moja. Katikati wekeni tabaka lenu jembamba, folda moja yenye vijenzi vyenye majina mliyoyachagua wenyewe, na kila ukurasa uchukue humo tu.

Sababu yake naieleza kwa kirefu, maana ndiyo itakayowaongoza mkikutana na jambo ambalo sikulitaja hapa.

Wengi huingia kwenye maktaba ya vijenzi wakitafuta kuokoa muda wa kuchora kitufe. Kitufe hakichukui muda mrefu kukichora, hivyo muda unaookolewa hapo ni mdogo. Faida kubwa ni kwamba uamuzi mliokwisha kuufanya unapata makao mamoja. Tuseme leo mmekubaliana kwamba kitufe cha kulipa kikibofywa kinafifia na kuandika "Inatumwa…" mpaka jibu lirudi, ili mtu mwenye mtandao dhaifu asibofye tena akakatwa pesa mara mbili. Uamuzi huo ukikaa ndani ya kijenzi kimoja kiitwacho Kitufe, umeingia kwenye kila ukurasa unaokitumia. Mkiukopi na kuupesti ukurasa kwa ukurasa, kuna ukurasa mmoja utasahaulika, na huo ndio mteja atakaowapigia simu kuulalamikia. Kitufe kinachofifia peke yake, hata hivyo, hakizuii malipo ya mara mbili. Kila muamala upewe namba yake ya kipekee, na seva ikiiona namba ileile mara ya pili irudishe jibu la kwanza bila kukata tena.

Sasa tuchukue kitu cha kwenu hasa. Mfumo wa boti una saa za kuondoka. Kijenzi cha kuchagua saa kwenye maktaba hizi kubwa kitaonyesha 16:00, au 4:00 yenye PM pembeni. Mama anayepeleka magunia Bujumbura hasemi hivyo, anasema saa kumi jioni. Mfumo usipomsemea hivyo, karani ndiye atakayetafsiri kichwani, na siku karani amechoka, abiria atafika bandarini boti imekwisha kuondoka.

Kanuni yenyewe ni fupi. Chukua saa ya mtindo wa 24, jumlisha 6, gawanya kwa 12 na ushike baki. Baki ikiwa 0, andika 12. Saa 16 na 6 ni 22, baki ni 10, basi ni saa 10. Saa 8 na 6 ni 14, baki ni 2, basi ni saa 2. Saa 18 na 6 ni 24, baki ni 0, basi ni saa 12. Mpaka hapo mtoto wa sekondari anaiweza. Ugumu unaanza mnapoulizana 15:00 ni mchana au alasiri, na alfajiri inaishia wapi asubuhi ianze. Hakuna maktaba ya nje itakayowajibia hilo. Kaeni chini, mkubaliane, mwandike mahali pamoja. Mimi ningesema kuanzia 4:00 ni alfajiri, kuanzia 6:00 asubuhi, kuanzia 12:00 mchana, saa ya 15 ni alasiri, kuanzia 16:00 mpaka saa ya 18 iishe ni jioni, kisha usiku. Mkipanga tofauti si kosa. Kosa ni tiketi iseme "saa 9 alasiri" huku ujumbe wa simu ukisema "saa 9 mchana" kwa safari ileile, abiria akabaki anajiuliza kama ratiba imebadilika.

Halafu kuna usiku wa manane. Boti inayoondoka Jumatano saa 2:00 za mfumo, ukiandika "Jumatano saa 8 usiku", nusu ya abiria watakuja Jumatano baada ya giza kuingia, wakati boti iliondoka zaidi ya saa kumi na mbili kabla. Watu wanasema "usiku wa kuamkia Jumatano", na kijenzi chenu kiseme hivyohivyo kwa safari zote za kati ya saa 6 usiku na alfajiri.

Na kwa sababu mko Kigoma, kuna jambo jingine ambalo mwenzenu wa Dodoma hatalifikiria: ng'ambo ya ziwa saa ni nyingine. Tanzania iko saa 3 mbele ya saa za dunia za UTC. Burundi, Zambia na upande ule wa Kongo wako saa 2 mbele. Boti ikitia nanga Bujumbura saa 12 jioni kwa saa za Kigoma, pale Bujumbura ni saa 11 jioni. Nchi hizi hazirudishi saa nyuma wala kuzisogeza mbele kwa majira ya mwaka, kwa hiyo tofauti haibadiliki, lakini msiiandike kwa mkono kama "toa moja" ndani ya ukurasa. Hifadhini wakati kwa UTC kwenye hifadhidata, kisha kijenzi kiambiwe bandari gani, nacho kitumie Intl.DateTimeFormat, kifaa cha kupanga tarehe na saa kilichomo ndani ya kivinjari chenyewe, na jina la eneo: Africa/Dar_es_Salaam kwa Kigoma, Africa/Bujumbura, Africa/Lubumbashi kwa Kalemie, Africa/Lusaka kwa Mpulungu. Mbele ya saa kiandike daima "saa za Kigoma" au "saa za Kalemie". Maneno hayo mawili matatu yatawaokoa ninyi na wateja wenu kuliko uhuishaji wowote wa kuvutia.

Nimekaa sana kwenye saa kwa makusudi. Hapo ndipo anayetaka kujenga kwenu yuko sahihi kabisa: saa za kwetu, kiasi cha fedha kwa shilingi, namba ya simu. Hivyo jengeni wenyewe na mvijenge vizuri. Kwenye namba ya simu, kwa mfano, msitumie sehemu ya kuandikia ya aina ya number. Mkiisoma thamani yake kama tarakimu, sifuri ya mwanzo inapotea na 07 inageuka 7. Tumieni aina ya tel. Simu inafungua kibodi ya namba, na kodi yenu, yaani programu mliyoiandika, inabaki na maandishi kamili. Kwenye kiasi cha fedha, mtu akiandika 45,000 na koma yake, sehemu ya aina ya number inaweza kuwarudishia utupu. Wekeni sehemu ya maandishi ya kawaida yenye inputmode ya numeric, muondoe koma wenyewe mkihifadhi, mzirudishe mkionyesha.

Anayetaka Material UI naye yuko sahihi kwenye vitu ambavyo kwa macho vinaonekana vyepesi. Tazameni dirisha linaloibuka katikati ya skrini kuuliza "Una uhakika unataka kufuta mzigo huu?" Kulichora ni mistari michache. Kulifanya litende haki ni kazi nyingine: likifunguka, kibodi ihamie ndani yake na isitoroke kwenda kwenye ukurasa wa nyuma, kitufe cha Escape kilifunge, likifungwa, mtumiaji arudishwe palepale alipokuwa, na asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini, atangaziwe kwamba dirisha limefunguka na linahusu nini. Menyu yenye orodha ndefu na utafutaji ndani yake ni ngumu zaidi ya hapo. Kalenda ya kuchagua tarehe, msithubutu.

Kabla ya kukimbilia maktaba, angalieni kwanza kivinjari chenyewe kina nini. Kuna elementi ya dialog ambayo vivinjari vyote vikubwa vinaikubali tangu Machi 2022, na mkiifungua kwa amri ya showModal sehemu kubwa ya niliyoyataja inafanyika bila kodi ya ziada. Kuna details kwa maelezo yanayofunguka na kufunga, na kuna aina ya date kwa tarehe, ambayo kwenye simu hufungua kalenda ya simu yenyewe, ile ambayo mtumiaji ameizoea. Haipendezi sawasawa kila mahali, lakini haigharimu bando hata chembe. Kwa wateja wa Kibirizi ningeanza na hizo bila kusita.

Vinavyobaki vigumu, chukueni. Mtaulizana ipi. Material UI inafuata mtindo wa Google uliotoka 2014. Imekomaa, ina kila kitu, ila inakuja na sura yake, na kuibadilisha sura hiyo ifanane na yenu ni kazi. Chakra UI, iliyoanzishwa na Mnigeria Segun Adebayo mwaka 2019, ni nyepesi kuipamba. Radix ni ya namna nyingine: inakupa tabia tupu za menyu na madirisha, mapambo unaweka mwenyewe. Na kuna shadcn/ui ya mwaka 2023, ambayo haiwekwi kama kifurushi cha kawaida. Kodi yake inanakiliwa ndani ya mradi wako na kuwa mali yako. Ubaya wake ni huohuo: wakirekebisha kasoro kwao, rekebisho halikufikii lenyewe. Kwa ofisi yenu, yenye mifumo miwili ya React na sura mnayotaka iwe moja, ningechagua Radix chini na mapambo yenu juu. Lakini uchaguzi huu si wa kufa na kupona mkiweka lile tabaka la katikati, na hili nataka mlisikie vizuri.

Tarehe 25 Desemba 2018, watu waliokuwa wakitumia Ant Design, maktaba maarufu ya React kutoka China, waliamka wakakuta vitufe vya mifumo yao vina theluji juu. Waandishi wake walikuwa wameficha mapambo ya Krismasi ndani ya kodi miezi kadhaa nyuma, yakisubiri siku ifike. Mifumo ya ofisi na ya serikali ikaonekana inasherehekea sikukuu ambayo wenyewe hawakuipanga, na watengenezaji wengi wakabaki wakijieleza kwa mabosi. Wengine hudhani dawa ni kufunga namba za matoleo ili kisibadilike kitu bila ruhusa. Fungeni, ni jambo jema, lakini siku ile kufunga kusingesaidia: theluji ilikuwa tayari imo ndani ya toleo walilokuwa nalo. Kilichotofautisha ni idadi ya faili za kugusa. Aliyekuwa na kijenzi chake cha Kitufe kilichofunika kile cha Ant Design alikuwa na faili moja ya kurekebisha. Aliyekiita kile cha nje moja kwa moja katika kila ukurasa alikuwa na mradi mzima.

Ninyi wenyewe mnaweza kuwa mmeyaonja haya kwenye mfumo wa shule bila kuyapa jina. Bootstrap 4 ilitumia sifa ya data-toggle kufungua menyu. Bootstrap 5, iliyotoka Mei 2021, ikaibadili kuwa data-bs-toggle, ikaiacha jQuery, maktaba ya JavaScript iliyokuwa ikiitegemea, na madaraja (class) ya nafasi za pembeni kama ml na mr yakawa ms na me. Mwenye kurasa nyingi zilizoandikwa hayo moja kwa moja anazifungua zote. Laravel inawapa vijenzi vya Blade, namna yake ya kuandika kurasa. Mngekuwa na kimoja kiitwacho menyu, mabadiliko yale yangekaa mle.

Tabaka lenyewe liweje? Jembamba kwelikweli. Faili ya Kitufe inaita kitufe cha chini, inakipa mapambo yenu, na inapokea vigezo vichache: aina, kama kinasubiri, na maandishi yake. Aina ziitwe kwa kazi, si kwa rangi. Andikeni "hatari", msiandike "chekundu", maana siku mteja akitaka kufuta kuwe kwa rangi ya chungwa mtakuwa na kitufe chekundu chenye rangi ya chungwa. Kizuieni kishawishi cha kuongeza kigezo kila ukurasa unapotaka kitu kidogo tofauti. Kijenzi chenye vigezo ishirini hakuna anayekijua chote, hata aliyekiandika. Mkiona kinafika huko, kigaweni viwili.

Na si kila vinavyofanana ni kimoja. Kadi ya mzigo wa dagaa na kadi ya mwanafunzi zinaweza kufanana leo kwa jina juu, kiasi chini na kitufe pembeni. Lakini moja itabadilika bei ya soko ikitaka kuonyeshwa kwa gunia na kwa ndoo, nyingine itabadilika shule ikitaka awamu za ada. Mkiziunganisha, kila mabadiliko ya upande mmoja yatavunja mwingine. Subirini kitu kijirudie mara ya tatu, na kijirudie kwa sababu ileile, ndipo mkihamishie kwenye maktaba.

Maandishi ndani ya vijenzi nayo yaangalieni. Maktaba nyingi zimeandikwa na watu ambao wingi kwao ni herufi moja mwishoni, hivyo hupenda kuunganisha tarakimu na neno. Kwetu sentensi nzima inageuka: mzigo mmoja umefika, mizigo mitatu imefika. Kijenzi kipokee sentensi iliyokamilika kutoka kwenye ukurasa, kisijaribu kuiunga chenyewe.

Rangi, ukubwa wa herufi na nafasi muziweke kama vigezo vya CSS, lugha ya mapambo ya kurasa, kwenye faili moja. Hii ndiyo sehemu ambayo mifumo yote mitatu inaweza kuitumia kwa urahisi zaidi bila kujali ni React au Laravel, kwa hiyo ndiyo nitakayowaambia mwanze nayo. Mkichagua rangi, chukueni simu ya bei nafuu mwende nayo mwaloni Kibirizi jua likiwa utosini. Yale maandishi ya kijivu hafifu yanayopendeza ofisini hayasomeki pale. Kipimo kinachokubalika cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazotumiwa na watu wote, ni tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na kilicho nyuma yake; vifaa vya ukaguzi vilivyomo ndani ya Chrome vinakuonyesha namba hiyo ukigusa rangi. Ukubwa wa vitufe pia: toleo la 2.2 la kipimo hicho, la Oktoba 2023, linataka walau pikseli 24 kwa 24, lakini kwa mtu mwenye mikono iliyolowa anayepima dagaa ningeweka 48 na nisione aibu.

Uzito mupime kabla ya kuamua, si baada. Fungueni vifaa vya Chrome, upande wa mtandao, mchague kasi ya chini, mpakie ukurasa mmoja wenye kijenzi mnachokitaka na mwingine usio nacho. Maktaba nzuri zinaruhusu kifungashio, programu inayokusanya kodi yenu iwe tayari kwa kivinjari, kuacha kodi isiyotumika, ila hakikisheni kwa macho kwamba imeachwa.

Suala la zana za ziada nitalipita haraka. Storybook, zana ya kuonyesha vijenzi kimoja kimoja, ni nzuri kwa timu kubwa. Ninyi watatu mnatosheka na ukurasa mmoja wa maonyesho, wenye kila kijenzi katika kila hali yake: cha kawaida, kinachosubiri, chenye kosa, chenye jina refu kupita kiasi. Wala hamhitaji kuichapisha maktaba kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript. Mifumo miwili ya React iwekeni kwenye hazina moja ya kodi (repository) na mtumie workspaces za npm, maktaba ikiwa folda mojawapo.

Kuhusu mfumo wa shule, uacheni na Bootstrap yake. Kuuandika upya kwa React ili tu ulingane na wenzake ni kumlipisha mteja kitu asichokiomba. Upeni faili ya rangi na nafasi, na sura itakaribiana vya kutosha. Mkihitaji kijenzi chenye kazi kiishi pande zote mbili, kama ile saa, kiandikeni kama elementi maalum ya kivinjari. Jina lake lazima liwe na kistari, kwa mfano saa-bandari, na itafanya kazi ndani ya React na ndani ya Blade vilevile. Kanuni ya hesabu iwe faili yake ya JavaScript tupu, isiyojua chochote kuhusu React, ili mweze kuijaribu kwa saa zote 24 bila kufungua kivinjari.

Msisimamishe kazi za wateja kwa ajili ya haya. Anzeni na faili ya rangi, Kitufe na saa-bandari, mviweke kwenye ukurasa mmoja wa mfumo wa boti, ule wa kukata tiketi. Baada ya hapo kila mtakapofungua ukurasa wa zamani kwa kazi nyingine, badilisheni vijenzi vyake mkiwa humohumo. Mwenzako anayetaka kujenga mpe saa, fedha na namba za simu. Anayetaka Material UI mpe dirisha la kuthibitisha na menyu ya bandari, achague cha kuweka chini yake, na kazi yake ikaguliwe kwa kutumia kibodi peke yake, bila kugusa panya.